Jogoo Chini ya Kitanda cha Teodori

Nyie vijana mnaokuja kwangu wakati wa likizo, na sare zenu nyeupe za chuo cha uuguzi zimekunjwa kwenye mabegi, mmeniomba mara nyingi niwasimulie kazi yangu ya kuunga mifupa. Najua mnachotaka. Mnataka habari za bibi aliyetemea mate mguu uliovunjika ukanyooka, mkacheke nazo bwenini. Haya, kaeni. Nitaandika mwenyewe kwa mwandiko wangu wa ngumbaru, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele hakuchekeshi.

Kazi hii sikuzaliwa nayo, niliolewa nayo. Nyumba niliyoolewa ilikuwa upande wa Mufindi, mahali ambapo ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi, na miezi ya baridi unaiona pumzi yako mwenyewe ukisonga ugali. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Muunga mifupa alikuwa mama mkwe wangu, Semduda. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili, utadhani ameiazima kwa mtu mwingine. Siku niliyofika kwake hakuniuliza kama najua kupika. Alinishika vidole, akavikunja, akavinyoosha, akasema, "Vinafaa," akaenda zake shambani.

Kunifundisha, alichukua kipande cha mwanzi, akakipondaponda kwa jiwe, akatia vipande kwenye mfuko wa ngozi ya mbuzi na kuufunga mdomo. Kazi yangu ilikuwa kuupapasa mfuko kwa nje mpaka mwanzi urudi kuwa mzima humo ndani. Msinicheke, jaribuni. Niliumwagia machozi mfuko ule. Kuna siku nilihangaika nao tangu umande haujakauka mpaka mbuzi wanarudi zizini, na kila nikipanga kunabaki kipande kimoja hakina kwao. Mwishowe nikamwambia, "Mama, hiki kimezidi."

Akasema, "Nilikitia makusudi. Nilitaka kujua kama utasema, au utakilazimisha kiingie."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mengine alinifundisha kwa matusi madogo madogo, ila yaliingia. Mguu uliovunjika hauanzi kuushika penye maumivu, unaanza mbali, unakuja taratibu, mpaka mgonjwa akuzoee. Maji ya moto kwanza, halafu mafuta ya kondoo. Mwanzi wa kutengenezea mabanzi ya kufungia mguu unakaushwa kivulini, kwa sababu wa juani unapasuka ukiukaza kamba. Asubuhi unabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ukibaki mweupe, legeza kamba upesi, mguu unakufa. Hilo nasikia hata nyie mnafundishwa. Mama mkwe hakufundishwa na mtu wa chuo, na wala hakuona ajabu yoyote kulijua.

Kulikuwa na hospitali ya misheni, mbali, na watu waliiogopa. Walisema kule wanakata miguu. Kweli walikata, kwa sababu mtu alipelekwa huko mguu umeshaoza. Waliowahi mapema wakapona, hao hakuna aliyewasema.

Sasa nifike kwenye jogoo.

Mtu akiletwa kwetu amevunjika, ndugu zake walipaswa kuleta kuku wa nyumbani kwake. Mwanaume aliletewa jogoo, mwanamke tetea. Mama mkwe alimchukua yule kuku nyuma ya nyumba, akamvunja mguu uleule aliovunjika mgonjwa, mahali palepale, kisha akamfunga vibanzi vidogo na kumpaka dawa ileile. Najua mnakunja uso. Kunjeni tu. Kuku alifungwa kamba kwenye mguu wa kitanda cha mgonjwa, akala humohumo, akalala humohumo. Mgonjwa aliambiwa, "Wewe na huyu sasa mna mguu mmoja. Siku atakayosimama na kupekua chini kwa mguu huu, na wewe utasimama. Ukimtangulia, mfupa utakataa."

Mtu mzima aliletewa jogoo mzee, mtoto aliletewa kifaranga kikubwa. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa niendelee kuchambua mboga. Mimi niliamini, kama walivyoamini watu wote kuanzia kwetu mpaka Ubena na huko mbele. Nilikuwa naamka asubuhi nikamtazama kuku kwanza, ndipo nimsalimie mgonjwa.

Teodori aliletwa kwa machela katikati ya masika. Alikuwa mpasuaji wa mbao msituni. Nyie mmezikuta mashine, hamjui kazi ile. Gogo linawekwa juu ya kichanja, chini kuna shimo, na msumeno mrefu una watu wawili. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake yuko shimoni anavuta na vumbi lote linamwangukia machoni. Teodori alikuwa mtu wa juu. Siku hiyo walikuwa wanapandisha gogo, likateleza likampiga muundi. Mguu ulikuwa umepinda pasipo na kiungo.

"Kamwene, mama," alimsalimu mama mkwe huku jasho linamtoka. "Nimekuletea kazi. Ila usiniache mfupi upande mmoja, juu ya gogo nitaonekana nacheza ngoma."

Mkewe, Agata, alikuwa pembeni na jogoo mwekundu kwapani. Mwanamke mpole, mwenye macho makubwa, tena asiyejua kukaa bila kazi. Kabla hatujamaliza kumfunga mumewe alikuwa ameshafagia uwanja wetu.

Mama mkwe alimuunga Teodori vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akiungwa. Nilishika kisigino, yeye akapapasa, na nikahisi vipande vile vikikaa mahali pake, kila kimoja na kwao. Halafu akaenda nyuma ya nyumba na jogoo.

Teodori alimpenda yule jogoo. Alimpa jina: Mwenzangu wa Chini. Alisema kama kawaida yeye yuko juu, mwenzake yuko chini, na wote wawili wanangoja nani aanze kuvuta. Alimmegea ugali. Wageni wakija anawaambia, "Msalimieni na mwenzangu, ana maumivu kunizidi lakini halalamiki." Agata alirudi kwao kwenye shamba, akawa anakuja na mahindi na maharage, na kila akija swali la kwanza ni, "Jogoo hajambo?"

Jogoo alikuwa hajambo. Vibanzi tulishamfungua, akaanza kugusisha ukucha chini na kuuinua. Teodori alikesha kwa furaha. Alikuwa anasema juma hilohilo atapekua.

Ndipo kikaja kideri, ugonjwa wa kuku ambao wengine mnauita mdondo. Kilianzia sokoni kama kawaida yake, kikapanda milima pamoja na wachuuzi. Asubuhi unamkuta kuku amejikunyata, mabawa yameshuka, shingo imepinda, anaharisha kijani, na jioni unamtupa. Mama mkwe, mganga wa watu, akageuka mganga wa kuku. Tuliwanywesha maji ya pilipili, tukawanywesha shubiri na maji ya majivu. Alimchukua jogoo wa Teodori, akampakata kifuani kama mtoto mchanga, akampulizia moshi wa majani mdomoni. Ningecheka, kama si kuuona uso wake.

Jogoo alikufa chini ya kitanda. Teodori ndiye aliyejua kwanza, kwa sababu alfajiri hakumsikia akiwika. Nilipoingia na uji nilimkuta ameshusha mkono, anamshika mbawa.

Tulikuwa na mgonjwa mwingine wakati ule, mtoto wa kike aliyeitwa Zena, binti wa mchuuzi wa chumvi kutoka Iringa mjini, mtu mwenye asili ya pwani. Alikuwa amevunjika paja. Kuku wake naye alikufa wiki ileile, lakini Zena alikuwa mdogo, habari za kumngoja kuku zilimpita. Siku moja mwanakondoo alipita mlangoni, mtoto akashuka kitandani akamfuata, anachechemea na kucheka. Baba yake alikaa chini akalia, akasema alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe alimwita mtoto, akampapasa, akamwachia aendelee na kondoo wake.

Nilikimbia kwa Teodori. "Umemwona Zena? Kuku wake alikufa na anatembea!"

"Nimemwona," alisema. "Yule ni mtoto. Mfupa wa mtoto haujui kitu."

Siku chache baadaye mama mkwe aliketi ukingoni mwa kitanda chake, akamfungua mabanzi yote, akaupapasa muundi kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli. Akasema, "Teodori, mfupa umeshika. Simama."

"Na jogoo?"

"Jogoo amekufa na kideri, kama kuku wote wa nchi hii."

"Ndiyo nasema, mama."

Mama mkwe alivuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Jogoo siyo dawa. Tangu kwa mama yangu, jogoo ni wa kuwalaza nyie wanaume. Mwanaume ukimwambia alale mpaka mfupa ushike, kesho yuko kilabuni anakunywa ulanzi kwa mguu mmoja. Ukimwambia amngoje jogoo, analala. Ndiyo kazi ya jogoo, hana nyingine."

Nikaliweka bakuli chini. Nilikuwa nimekaa naye miaka, nimewapakata kuku wangapi sijui, na hakuwahi kunitamkia neno hilo. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini jogoo mzee kwa mtu mzima. Mfupa wa jogoo mzee unachelewa.

Teodori alimtazama kwa huruma. Ndiyo, yeye ndiye aliyemhurumia. "Ahsante, mama. Najua unanipa moyo."

"Sikupi moyo, nakwambia ukweli!"

"Mama, siku ile ulisema mimi na jogoo tuna mguu mmoja. Leo unasema vingine. Nikuamini siku ipi?" Kisha akasema taratibu, "Kazi yangu naijua. Msumeno hauendi na mtu mmoja. Wa chini akifa, wa juu anashuka kwenye gogo."

Mama mkwe alijaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata. Alimbembeleza, akamtukana, akamwita mwoga. Tulimshika mabega mimi na mume wangu tukamwinua, akajilegeza mwili mzima, mguu ukaning'inia kama si wake. Hakuwa anafanya makusudi. Ule mguu ulikuwa umeshamtoka akilini.

Nje, mama mkwe aliniambia jambo lililomtia hofu. "Mtu mzima akilala sana wakati wa baridi, kifua kinajaa. Sisi hatuuliwi na mifupa, tunauliwa na kitanda. Huyu akiingia kwenye baridi amelala, tumempoteza."

Ilitokea kwamba siku Agata alipokuja tena, mimi na mama mkwe hatukuwepo. Tulikuwa tumeitwa kijiji cha pili kwa mtu aliyeanguka mtini. Tuliporudi, kikapu cha maharage kilikuwa jikoni na Agata ameshaondoka. Teodori ndiye aliyemwambia: anahitajika jogoo mwingine, mwekundu. Na kwa kuwa kideri kilikuwa kimefagia kuku wote, Agata alipanda lori la mizigo kwenda Mbeya, ambako kaka yake alikuwa kibarua na ambako watu walisema kuku wapo.

Leo mnakwenda Mbeya mnarudi siku moja. Yeye alikwama Makambako, akakwama Igawa kwenye tope, akalala Chimala kwa watu asiowajua. Alikaa huko tukadhani hatarudi. Huku kwetu baridi ilianza kushuka, ukungu ukakaa mpaka saa sita za mchana, na Teodori akaanza kukohoa.

Agata alirudi mchana mmoja, tope limemfika magotini, midomo imepasuka, na kwapani ana jogoo mwekundu. Kweli mwekundu, karibu na yule wa kwanza. Alikuwa anacheka. Sijamwona tena mtu anayecheka vile. "Nimempata, mama," alisema. "Nimezunguka Mbeya nzima."

Mama mkwe alimtazama Agata, akamtazama jogoo. Alimchukua jogoo akaenda nyuma ya nyumba, nami nikamfuata. Alisimama pale amemshika mguu.

"Nivunje mfupa mzima," aliniuliza, "kwa ajili ya mfupa mzima?"

Nilimwambia, "Mama, kama asipomwona huyu amefungwa vibanzi, hatasimama kamwe."

Akauvunja. Kisha akamfunga vibanzi.

Basi tukaanza upya kumngoja kuku, na mtu mwenye mguu mzima akalala akimngoja. Kikohozi kikazidi. Tulimkanda kifua kwa mafuta ya moto, tukamnywesha majani ya mkaratusi na asali, tukamwegemeza kwenye magunia asilale chali. Alikuwa mchangamfu, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alimmegea jogoo ugali ambao yeye mwenyewe alikuwa hawezi tena kuumeza.

Niseme jambo hapa kabla sijamaliza, maana najua mtaniuliza. Mtauliza kwa nini hatukuacha ushirikina wa jogoo. Mimi niliuacha. Mama mkwe alipofariki na kazi ikawa yangu, nilisema sitavunja mguu wa kuku tena. Niliwaambia wagonjwa ukweli: laleni, mfupa unataka muda. Walinijibu, "Ndiyo, mama," na nikigeuka wameshasimama. Miguu ikapinda. Wapo wazee huku kwetu mpaka leo wanatembea wameinama upande mmoja, na ukiwauliza watakutajia jina langu. Nilivumilia nikachoka, nikarudi kwa jogoo. Miguu ikanyooka tena. Na kila mwaka, wakati wa kideri ukikaribia, nilikuwa silali. Nimeitafuta njia ya tatu maisha yangu yote. Mkiipata huko chuoni, mje mniambie, ingawa sidhani kama mtaipata.

Jogoo wa Mbeya alipekua asubuhi ya baridi kali. Alisimama, akajinyoosha, akapekua udongo kwa mguu ule mara kadhaa, vumbi likaruka. Teodori alipiga kelele mpaka Agata akaangusha mtungi.

"Amevuta! Mwenzangu wa chini amevuta!"

Akateremsha miguu mwenyewe. Alikuwa amekonda, mapaja hayana nyama, goti limekakamaa, kifua kinalia kwa kila pumzi. Tulimkimbilia kumshika, akatusukuma. Akasimama. Akaenda mpaka mlangoni kwa miguu yake, polepole, mguu umenyooka kabisa, hakuwa mfupi upande wowote. Akashika mwimo wa mlango, akautazama ukungu kule msituni, akamwambia mkewe, "Umeona, mama Agata wa Mbeya?" Alikuwa anamtania kwa ajili ya ile safari.

Jioni homa ilipanda. Kilikuwa kichomi, na kilimchukua upesi kwa sababu hakikuwa na kitu cha kupigana nacho. Alikufa kitandani palepale, jogoo akiwa chini anatembeatembea.

Ndugu zake walikuja na machela ileile waliyomleta nayo. Agata hakulia mbele yetu. Alifagia uwanja kwanza. Halafu, watu walipokuwa tayari kunyanyua, akamwendea mama mkwe akasimama mbele yake.

"Mama, mguu ulikuwa umepona?"

"Ulikuwa umepona."

"Tangu lini?"

Nilikuwa karibu, nikamwomba Mungu mama mkwe adanganye. Angeweza kusema tangu juzi, jogoo alipopekua, na yule mwanamke angekwenda nyumbani na safari yake ya Mbeya ikiwa na maana. Lakini mama mkwe alikuwa yuleyule wa kipande cha mwanzi kilichozidi.

"Tangu kabla hujapanda lori," alisema.

Agata aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Aliingia ndani, akamfungua jogoo kamba, akamtoa mpaka uwanjani na kumweka chini mbele yetu. Kisha akaifuata machela.

Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyethubutu kumchinja jogoo yule. Kila asubuhi aliwika, na kila akiwika mama mkwe alijifunika shuka usoni. Aliishi miaka mingi yule jogoo, akafa kwa uzee tu, miguu yake yote miwili ikiwa mizima.